Ramani Inasema Msitu, Macho Yanaona Visiki: Kutatua Matatizo ya Modeli za Mabadiliko ya Matumizi ya Ardhi

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii hapa Tabora nilipeleka ramani kwenye kijiji kimoja kando ya barabara ya Sikonge. Rangi zilikuwa zimekaa vizuri, na pembeni chini niliandika usahihi wa asilimia 94. Mjumbe mmoja wa Kamati ya Matumizi ya Ardhi, mzee aliyelima tumbaku tangu ujana wake, aliitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole penye kijani.

“Mwanangu, hapa ndipo lilipo bani langu.”

Tukaenda. Palikuwa na bani la matofali, yaani jengo la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, rundo la kuni limepangwa hadi usawa wa kifua, na nyuma yake shamba la ekari mbili lenye visiki vya miti ya mitundu vilivyoanza kuchipua. Modeli yangu, yaani hesabu ya kompyuta inayotumia picha za zamani kutabiri ardhi itakavyobadilika, ilikuwa imetabiri kwamba pale patabaki msitu mnene miaka mingi ijayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika daftarini kila ugonjwa wa modeli ninaokutana nao, dalili upande mmoja na chanzo upande wa pili. Nimeyatoa hapa kwa ajili ya maafisa mipango, misitu na ardhi wa halmashauri za Tabora na Kigoma, na vijana wanaokaa na ramani kwenye kompyuta hadi usiku. Ninachoamini baada ya kukosea mara nyingi ni hiki: modeli nyingi haziharibiwi na programu wala hesabu. Zinaharibika pale kipimo cha modeli kinapokuwa tofauti na kipimo cha uamuzi unaotakiwa kufanywa.

Nikisema kipimo nina maana ya mambo mawili. Kuna punje, yaani kipande kidogo kabisa ambacho modeli inaweza kukiona, na kuna upana, yaani eneo zima inalolishughulikia. Vyote viwili vipo kwenye nafasi (pikseli, yaani kijiraba kimoja cha picha, na wilaya), vipo kwenye muda (hatua ya mwaka mmoja au kumi, na historia nzima), na vipo kwenye watu wanaoamua, kuanzia kaya moja hadi wizara. Huo wa watu ndio unaosahauliwa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, uliza uamuzi ni wa nani. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Kufyeka ekari moja mpya ni uamuzi wa baba na mama wa kaya. Bajeti ya doria ya msitu ni uamuzi wa ngazi nyingine kabisa. Modeli moja haiwezi kuwahudumia wote hao kwa pamoja, na anayekuahidi hivyo mwombe akuonyeshe punje yake.

Dalili: mashamba yapo, ramani haiyaoni

Hii ndiyo iliyonipata mimi. Chanzo cha kwanza cha kukagua ni punje ya nafasi. Pikseli ya picha za setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, sawa na mita za mraba 900. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, hivyo inabeba pikseli nne na nusu. Shamba la ekari mbili lina pikseli tisa, na kwa kuwa mkulima hafuati mipaka ya pikseli anapolima, nyingi kati ya hizo tisa ni nusu shamba nusu miti. Sasa chukua picha za MODIS, kifaa kingine cha setilaiti, za mita 250. Pikseli moja tu ni ekari 15 na ushee. Ukienda kwenye pikseli ya kilomita moja, umefika ekari 247, na kitongoji kizima kinaweza kuingia humo kikapewa rangi moja.

Picha nilizokuwa nazo mimi zilikuwa za Landsat, kwa hiyo kosa halikuwa la picha. Modeli ilikuwa nzito kwa kompyuta ya ofisi, nikakuza pikseli hadi mita 300 kwa kanuni ya walio wengi: kilichotawala ndani ya kipande kinachukua kipande chote. Kanuni hiyo inapendelea kilicho kingi na kukipunja kilicho kidogo na kilichotawanyika. Katika wilaya yenye misitu mingi ya miombo na mashamba yaliyotapakaa kama yetu, kila unapokuza punje msitu unaongezeka bila mti hata mmoja kupandwa.

Jaribio la kuutambua ugonjwa huu ni rahisi na linachukua asubuhi moja. Toa jumla ya hekta za kilimo kwenye ramani ya mita 30, kisha ikuze hadi mita 90, 300 na 900, na kila mara andika jumla. Zikishuka mfululizo, umeupata. Tiba ninayoitumia sasa ni kuacha kuipa pikseli kubwa jina moja. Ninaipa mafungu, kwa mfano kilimo asilimia 12, miombo 80, mbuga 8. Hapo ekari mbili za yule mzee zinabaki kwenye hesabu hata kama hazionekani kwa macho. Wengine hukimbilia Sentinel-2 yenye pikseli za mita 10, na kwa kazi ya leo ni sawa. Lakini setilaiti ya kwanza ya Sentinel-2 ilirushwa mwaka 2015, na ukitaka kujua miaka ya 1990 ilikuwaje huna budi kurudi Landsat na punje yake.

Dalili: usahihi ni asilimia 94, na wanakijiji wanaikataa ramani

Wasikilize wanakijiji kwanza. Tuseme kijiji kina hekta 10,000, na katika miaka kumi hekta 400 zimegeuka kutoka miombo kuwa shamba. Modeli yako imetabiri vilevile hekta 400, lakini ni 120 tu zilizoangukia mahali pa kweli. Hekta 280 zilizogeuka kweli modeli imezikosa, na 280 nyingine ambazo hazikuguswa imezisingizia. Makosa ni hekta 560. Usahihi wa jumla ni hekta 9,440 kati ya 10,000, yaani asilimia 94.4, na unaweza kuiandika kwenye ripoti ukapigiwa makofi.

Sasa weka pembeni yake modeli ya mtu aliyelala, inayosema hakuna kitakachobadilika. Itakosa hekta 400 na kupatia 9,600. Usahihi wake ni asilimia 96. Umeshindwa na aliyelala.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi haibadiliki, na usahihi wa jumla unakupa alama kwa ardhi ambayo haikuhitaji utabiri wowote. Kipimo cha haki ni kuchukua eneo la mabadiliko ulilolipatia na kuligawa kwa jumla ya ulilolipatia, ulilolikosa na ulilolisingizia. Kwa mfano wetu ni 120 gawa kwa 680, karibu asilimia 18. Namba hiyo inauma, lakini ndiyo inayomwambia mkurugenzi ukweli. Wala si Tabora peke yake. Mwaka 2008 Robert Gilmore Pontius na wenzake walilinganisha kazi 13 zilizotumia modeli 9 tofauti sehemu mbalimbali za dunia, na katika 12 kati ya hizo 13 makosa yalikuwa makubwa kuliko mabadiliko yaliyotabiriwa sawasawa. Mwaka 2011 Pontius na Marco Millones wakahimiza watu waachane na namba ya Kappa, alama iliyozoeleka ya kupima ulinganifu wa ramani mbili, wapime badala yake makosa ya kiasi na makosa ya mahali, kila moja peke yake.

Kuyatenganisha hayo mawili ndiko kunakokusaidia kutibu. Katika mfano wetu kiasi kiko sawa kabisa, 400 kwa 400. Ugonjwa wote ni wa mahali. Kuza punje ya uhakiki kidogo kidogo uone makosa yanapoisha. Yakiisha kwenye kilomita mbili, maana yake modeli inajua mtaa ila haijui nyumba. Modeli ya namna hiyo inafaa kupanga doria za kata. Haifai kuchora mpaka wa malisho kati ya jirani na jirani, na hilo lazima liandikwe juu ya ramani yenyewe kwa herufi kubwa.

Dalili: msitu unatoweka, halafu unarudi

Chanzo karibu kila mara ni tarehe ya picha. Miombo hupukutisha majani kiangazi, moto unapita chini, na kuanzia Septemba hivi inachipua majani mapya mekundu hata kabla mvua hazijaanza. Picha ya Agosti mwaka mmoja ukiilinganisha na ya Mei mwaka mwingine, utatangaza janga ambalo halikutokea. Tumia picha za msimu mmoja. Mimi hupenda Mei na Juni, mawingu yameondoka na miti bado ina majani. Na ukiona mistari myeusi ya mshazari kwenye picha za Landsat 7, usihangaike kutafuta chanzo. Kifaa chake cha kunyoosha mistari ya picha kiliharibika tarehe 31 Mei 2003 na hakikupona.

Kuna chanzo cha ndani zaidi. Mkulima wa tumbaku hulima misimu michache, udongo ukichoka au minyoo fundo ya mizizi ikizidi anahamia pengine, na nyuma yake vichaka vinarudi. Ukiwa na picha mbili tu zilizopishana miaka 15, shamba lililofunguliwa, likatumika, likaachwa na kuota tena katikati litahesabika kuwa msitu ambao haukuguswa kamwe. Punje ya muda imekuwa kubwa kuliko mzunguko wa kilimo. Hapa unahitaji picha za mwaka hadi mwaka, na hazigharimu fedha tangu kumbukumbu zote za picha za Landsat zilipofunguliwa bure mwaka 2008.

Wale wanaotumia jedwali la Markov, yaani jedwali la uwezekano wa ardhi kugeuka kutoka aina moja kwenda nyingine, wakague pia wanavyogawanya miaka. Kama asilimia 20 ya msitu iligeuka kwa miaka kumi, kwa mwaka si asilimia 2 bali 2.2, kwa sababu kila mwaka unakata kwenye kilichobaki. Ukitumia 2, miaka kumi itakupa 18.3 badala ya 20.

Dalili: takwimu zinaporomoka ghafla mwaka mmoja

Angalia mipaka ya utawala kabla ya kutafuta ukame. Sensa ya 2002 ina Urambo moja. Sensa ya 2012 ina Urambo na Kaliua. Kigoma vivyo hivyo kwa Uvinza, Buhigwe na Kakonko. Modeli inayolishwa namba za Urambo bila kujua hilo itaamini watu wamehama. Zirudishe namba zote kwenye mipaka ya zamani, au shuka hadi kata kama takwimu za kata zipo.

Dalili: miti inaongezeka Kigoma, na hakuna aliyepanda msitu

Mchikichi. Tangu kampeni ya michikichi ianze 2018, miche ya Tenera, aina ya mchikichi inayozaa mafuta mengi, imekwenda kwenye mashamba mengi ya mkoa huo. Mche mdogo kwenye picha ni shamba la kawaida. Ukikua unafanana na pori. Tenga aina yake kwenye uainishaji na uipeleke ramani kwa wakulima wenyewe waihakiki.

Dalili: unabadilisha sera, ramani haitikisiki

Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo modeli zinapowakosea watunga sera zaidi, na mtunga sera hana namna ya kugundua.

Swali halisi nililowahi kupewa: tukiwafikishia wakulima wote mabani yanayotumia kuni chache, msitu utabaki kiasi gani baada ya miaka 15? Niliendesha modeli mara mbili, bila mabani hayo na pamoja nayo. Ramani mbili zilifanana hadi pikseli ya mwisho. Nilifungua orodha ya vigezo: mwinuko, mteremko, udongo, umbali hadi barabara, umbali hadi mto. Sera haikuwa na mahali pa kushika, kama mtu anayesukuma mlango uliochorwa ukutani.

Kanuni inayonisaidia ni hii. Kigezo kisichobadilika kutoka mahali hadi mahali hakiwezi kukwambia ni wapi. Kinaweza tu kukwambia ni kiasi gani. Bei ya tumbaku ya msimu ni ileile Kaliua na Urambo, kwa hiyo ukiiweka kwenye sehemu ya modeli inayochagua mahali, haitafanya lolote. Iweke kwenye sehemu ya kiasi. Umbali hadi barabara unatofautiana mahali, lakini kama barabara haijabadilika miaka yote ya data, hauwezi kueleza kwa nini mwaka huu kumefyekwa kuliko mwaka jana. Pitia vigezo vyako kimoja kimoja na uandike pembeni: mahali, kiasi, au vyote. Safu ya kiasi ikiwa tupu, modeli haina masikio ya kusikia sera ya bei, ya ruzuku wala ya mabani.

Chanzo cha pili ni kukosekana kwa anayeamua. Kuni za bani hazikatwi na “umbali hadi barabara”. Zinakatwa na kaya yenye mkataba wa kilo kadhaa kupitia chama chake cha msingi, yenye vijana wawili wa kazi au isiyo nao, yenye baiskeli au mkokoteni wa ng'ombe. Ukitaka kupima sera inayogusa kaya, kaya lazima iwemo, hata kwa urahisi kabisa: kaya ina ekari ngapi, inakausha kiasi gani, inafuata kuni umbali gani. Si lazima ujenge modeli ya wahusika, yaani ile inayoigiza maamuzi ya kila kaya, yenye wahusika elfu kumi wanaozungumza. Mara nyingi hesabu ya kuni kwa kila bani, ikizidishwa na mabani ya kila kijiji na kutandazwa kwenye umbali ambao mkokoteni unafika, imenipa jibu la uhakika kuliko programu ya gharama.

Chanzo cha tatu kimejificha ndani ya nia njema. Wengi wetu tukifika kwenye msitu wa hifadhi tunaufunga kabisa: hapa hapalimwi. Modeli inatii, na ripoti inaonyesha hifadhi imefanikiwa. Bila shaka imefanikiwa, maana tuliiamuru. Aliyewahi kupita ndani ya misitu yetu ya hifadhi akaona majaruba ya mpunga na matanuri ya mkaa anajua sheria kwenye karatasi na sheria porini haviendi sambamba. Badala ya kufunga, pima. Chukua maeneo yaliyo umbali uleule kutoka barabarani, ndani na nje ya hifadhi, ulinganishe kasi ya ufyekaji ya miaka iliyopita. Tofauti utakayoipata ndiyo nguvu halisi ya ulinzi, na hiyo ndiyo uiingize kwenye modeli.

Dalili: ilitabiri vizuri miaka kumi, ikaanguka ghafla

Modeli iliyojifunza Kibondo kwa data za 2005 hadi 2014 haikuwa na njia ya kujua kwamba 2015 maelfu ya wakimbizi wangevuka kutoka Burundi na kambi ya Nduta ifunguliwe tena, pamoja na mahitaji yake ya kuni na nguzo. Kiasi kilitoka nje ya eneo la modeli. Iliyojifunza Sikonge kabla lami ya kwenda Mpanda haijawekwa itapima barabara kwa kilomita, wakati mchuuzi wa mkaa anaipima kwa saa na nauli. Kwa lami, badilisha umbali uwe muda wa safari na ujifunze upya. Kwa wakimbizi hakuna hesabu ya kutabiri vita. Andaa hali tatu au nne za kuwaziwa, uendeshe zote, na umwonyeshe mwamuzi tofauti zake.

Dalili: kwenye mafunzo inapata vyote, kwenye mtihani inafeli

Imekariri. Vigezo 20 kwa mabadiliko machache hufanya hivyo kila mara. Ondoa kigezo kimoja kimoja. Kama alama za kipindi ambacho modeli haijakiona hazishuki, kigezo hicho hakina kazi. Usihakiki kamwe kwa miaka ileile uliyofundishia. Na kama kila ukiendesha modeli ya wahusika unapata ramani tofauti, hiyo ni tabia yake na si kasoro, kwa sababu ina bahati nasibu ndani. Iendeshe mara mia, uchore ni mara ngapi kila pikseli imegeuka. Ramani moja uliyoipenda kati ya mia usiipeleke kwa mtu.

Dalili: kijiji kimepona, jirani kinateketea

Kijiji kimepitisha mpango, msitu wake umeacha kupungua, modeli ya kijiji inashangilia. Kilomita sita kutoka hapo miti inaanguka. Upana wa modeli umeishia kwenye mpaka ambao kuni na mifugo haviutambui.

Kugundua hili kunahitaji watu kuliko kompyuta. Mara ya mwisho nilikwenda kwenye mkutano wa kamati nikiwa na picha ya setilaiti iliyochapwa kwa ukubwa wa meza, karatasi angavu juu yake na kalamu mbili. Nyekundu ilikuwa ya mabani, nyeusi ya mishale kuonyesha kuni zinatoka wapi. Kina mama ndio waliorekebisha mishale mingi, kwa sababu wanaume walichora njia za zamani ambazo miti yake imekwisha. Tulipomaliza, mabani karibu yote yalikuwa ndani ya mpaka wa kijiji, na mishale mingi ilikuwa inatoka nje yake, kuelekea upande mmoja. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mtendaji aandike barua kwa kijiji jirani. Jioni ile nilipanua eneo la modeli hadi mwisho wa mshale mrefu kuliko yote, nikaianza upya.